Stoo Isiyo na Dirisha

Nilimpiga fundi wangu kwa rula ya kuchorea, mbele ya vibarua wake, kwa sababu ya udongo aliouweka kwenye tundu moja la ukuta. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitajipamba, na mimi najijua, nikishaanza kujipamba siachi.

Rula yenyewe ilikuwa ya mbao ngumu, yenye umbo la herufi T. Niliachiwa na msanifu wa Kihindi aliyenifundisha kazi. Wahindi walipofukuzwa alinikabidhi meza, rula na kabati la ramani, akanipa mkono, akapanda basi la kwenda uwanja wa ndege na masanduku mawili. Nikabaki peke yangu katika ofisi ya vyumba viwili, mchoraji asiye na digrii lakini mwenye kiburi cha kutosha maprofesa wawili. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nyumba ya kisasa si lazima ishushwe melini. Vioo vilikuwa havipatikani, mabati ndiyo usiseme. Basi nikasema tutajenga kwa udongo wa bondeni, matete, nyasi, gome la mti wa mutuba kwa dari, na bawaba za chuma za wahunzi wa Katwe, na nyumba hiyo hiyo itakuwa na sebule pana na bafu la ndani. Watu walinicheka mpaka walipoingia ndani ya nyumba ya kwanza saa saba mchana na kukuta baridi tamu.

Ile baridi haikuwa yangu. Ilikuwa ya fundi wangu, Ssalongo. Ndivyo tulivyomwita wote, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, na mkewe tukamwita Nnalongo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vinene vilivyojua kila kitu. Aliweka udongo ulimini, akautafuna kidogo, akatema, akasema: huu wa ukuta, huu wa sakafu, huu wa kufinyangia vyungu, tuachane nao. Kila alipomaliza ukuta alibandika kiganja chake kwenye udongo mbichi, akaacha alama. Nami kila mara nilimwambia aifute, hii ni nyumba ya kisasa, bwana, si choo cha shambani. Aliifuta huku akitabasamu, na ukuta uliofuata akaibandika tena.

Mimi ni wa wale ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani kuwa askari wa Waingereza. Nyumbani tulisema Kinubi, mtaani Kiswahili, na miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Nikiomba nyanya sokoni kwa Kiswahili, mama muuzaji alinisukumia kapu zima bila kudai pesa. Nilijifunza kuomba nyanya kwa Kiganda. Ssalongo alinicheka sana kwa hilo. “Ssebo,” yaani bwana, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, “wewe hata ukisema asante watu nataka kukimbia.”

Meja mmoja wa jeshi alikuja ofisini asubuhi moja na magari mawili. Dereva wake alifunga mlango kwa kishindo, naye akageuka akamtandika kofi lililomwangusha juu ya kabati langu la ramani, kisha akakaa kwenye meza ya kuchorea kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitaka nyumba ya Kiafrika, lakini ya kisasa, juu ya kilima upande wa Bukoto, Mzungu akija aone wivu. Nilichora huku dereva akifuta damu ya pua kwa karatasi zangu. Nilipofika jikoni, Meja akaweka kidole kwenye karatasi. “Hapa weka stoo. Ya vinywaji. Ikuwe baridi. Dirisha hapana.”

Kuta za stoo ile nilizichora nene kuliko zote, karibu hatua moja nzima, na Ssalongo akazijenga kwa matofali mabichi. Siku Meja alipokuja kukagua nilijitia ushaufu. Nikamwambia, afande, ukuta huu unameza sauti, mvua ya mawe ikinyesha, humo ndani husikii kitu. Meja alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Akanisukuma nje, akaingia, akafunga mlango. Ssalongo alikuwa bado ndani, anasawazisha sakafu.

Nilisikia kitu kama mtu ameangusha kitabu chumba cha pili.

Meja akatoka na bastola mkononi, anatabasamu. “Umesikia nini?” Nikamweleza. Akaangua kicheko, akanipiga begani, akasema mimi ni mtaalamu. Ssalongo alitoka nyuma yake ana vumbi la ukuta nyweleni, suruali imelowa mpaka magotini, na tundu la risasi lilikuwa kiasi cha shubiri moja kutoka mahali kichwa chake kilipokuwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi. Ukuta wangu ulikuwa umefaulu mtihani.

Mtu asije akaniambia hukujua. Stoo gani ya bia inayopimwa kwa bastola? Nilijua pale pale. Nilichofanya ni kujishughulisha na kazi ili kichwa kisipate nafasi. Meja alileta saruji kwa lori la jeshi, akataka ndani papigwe lipu ngumu juu ya waya wa kuku, nami nikasimamia kama ninayejenga benki.

Sasa, unapoinua ukuta mnene unapitisha magogo ya jukwaa katikati yake, ili mafundi wapate pa kusimama. Ukimaliza unayavuta, yanabaki matundu ya ukubwa wa kichwa cha mtu, yaliyotoboka mpaka nje. Ukuta wa nyuma wa stoo ulikuwa na matundu tisa, usawa wa kifua. Ssalongo siku zote aliyaziba kwa udongo na nyasi zilizokatwakatwa. Alisema ukuta unapumulia hapo, na siku ukitaka kupitisha bomba unausukuma udongo tu kwa mkono, unatoka, na tofali la pembeni linaufuata. Nikasema hapana, safari hii yote tisa kwa saruji, kuanzia ndani mpaka nje.

Nilikagua kwa kugonga na kifundo cha kidole. Manane yakalia makavu. La tisa, lile la mwisho kutoka pembeni, likatoa sauti ya mtu mnene aliyeshiba. Lipu nyembamba juu, udongo ndani.

“Hii ni nini?”

Ssalongo akasogea karibu, akaninong’oneza kwa Kiganda, lakini mnong’ono wake ulikuwa wa mtu mkubwa, vibarua wote walisikia. “Ssebo, tuache moja tu. Mtu anaweza kufungiwa humu.”

Askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Sikujua kama wanaelewa Kiganda. Nikainua rula nikampiga nayo usoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikipiga kelele kwa Kiswahili kwamba ni mvivu, mwizi wa saruji, mshenzi asiyejua kazi. Nyusi ilipasuka. Askari wakacheka. Yeye hakuinua hata mkono kujikinga. Akachukua patasi, akatoboa udongo wake wote, akaziba kwa saruji huku damu ikimdondokea kwenye mwiko. Nilimpiga kwa sababu alisema kwa sauti kitu nilichokuwa nimekificha moyoni, na hilo nimelikiri kwangu mwenyewe baada ya miaka mingi.

Meja alihamia. Ilipita kama miezi minane. Wageni walisifu dari ya gome la mutuba, walisifu nyasi za paa zilizokatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi, nami nikapata kazi nyingine kwa sifa hizo. Ssalongo aliendelea kufanya kazi nami. Alikuwa na kovu kwenye nyusi, na hakulitaja kamwe, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Kisha asubuhi moja sajini wa Meja akaja kunichukua. Fundi wangu alikuwa ameitwa alfajiri kurekebisha lipu ya stoo, na amekataa kazi.

Nilimkuta ua wa nyuma, amelazwa kifudifudi juu ya vigae alivyovichoma mwenyewe, mikono imenyooshwa mbele. Askari mmoja alikuwa amekanyaga mikono kwenye vifundo, mwingine anashusha kitako cha bunduki juu ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Nilisikia mlio wake. Kidole kinavunjika kama kijiti cha mtete mkavu. Meja alikuwa kwenye kiti cha ukindu, anakunywa chai.

“Fundi yako anakataa,” akasema.

“Ssalongo,” nikamwambia, “paka basi yaishe. Nakuomba.”

Aliinua uso. Kwenye ukoo wao wa mafundi kulikuwa na sharti moja, na alikuwa ameshaniambia zamani, tukipiga soga. Fundi akikuta damu ukutani hapaki udongo mpaka wenye mtu wao waitwe, waione. Akipaka kabla, basi yeye na aliyeua ni kitu kimoja. Nilidhani ni hadithi za wazee.

“Kuna damu, ssebo,” akasema. “Mingi. Na kuna meno ndani ya lipu. Waite wenyewe kwanza.”

Nikamgeukia Meja nikaanza kubwabwaja, afande ni mgonjwa, afande nipe siku mbili nitaleta mwingine. Akanirushia chai ya moto usoni, kikombe kikafuata. Nikaanguka. Mateke ya buti yalinikuta ubavuni na mgongoni, sikuyahesabu. Kisha nikasikia, “Weka yeye ndani. Wote mbili.”

Na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye stoo yangu.

Nje ilikuwa mchana, jua linawaka, kuku wanaparua. Mlango wa chuma ulipofungwa vyote vilikatika kwa mara moja. Giza, baridi ile ile niliyoisifu, na harufu ambayo hata leo nikiingia bucha inanipanda kooni. Nilipiga kelele. Sauti yangu ilikwenda hatua mbili ikafa. Nikapiga mlango kwa mabega, nikalia, nikaita jina la mama. Ssalongo aliniacha nimalize.

“Ssebo, nishike,” akasema baadaye. “Nipeleke ukuta wa nyuma.”

Nilimshika kiunoni. Vidole vyake havikuwa na kazi tena, vilining’inia. Akaanza pembeni, akapapasa kwa kiwiko, akihesabu kwa Kiganda. Mahali lipu ilipokuwa imebomoka kiwiko chake kilinasa kwenye waya wa kuku, akakinasua, akaendelea. Alipofika tisa akasimama.

“Gonga.”

Nikagonga. Ikalia kavu.

“Ni saruji,” nikasema. “Ni saruji, Ssalongo. Nilikuambia utoe udongo.”

“Najua. Si ni mimi nilitoa? Nilitaka tu usikie.”

Nikatoa mkanda wangu wa suruali nikaanza kukwaruza kwa chuma chake. Nilikwaruza mpaka kucha zikaondoka na chuma kikapinda. Nilikata mstari mmoja mwembamba, wa kuandikia jina. Nikasikia Ssalongo anacheka gizani, kicheko cha chini chini, cha mtu aliyechoka.

“Kazi nzuri, ssebo,” akasema. “Kazi ya kisasa.”

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilimwambia nilikuwa mwoga, nilikuwa mjinga, anipige na yeye. Akasema hana mikono ya kunipiga. Kisha akasema kuna matete ameyaloweka kwenye shimo nyuma ya nyumba yake, Nnalongo ayatoe kesho kutwa, yakizidi yataoza. Akarudia mara mbili ili nisisahau. Tulikaa tumeegemea ukuta, kichwa chake begani kwangu, na kwa kuwa nilikuwa naogopa kufa nikaanza kusoma dua alizonifundisha bibi, kwa sauti, nikichanganya na Kinubi.

Mlango ulipofunguliwa jua la alasiri lilinichoma macho. Sajini alikuwa amesimama anasikiliza.

“Wewe Mnubi?” akaniuliza kwa Kinubi chenyewe. “Wa wapi?”

“Bombo.”

“Kwa nani?”

Nikamtajia bibi yangu. Bibi alikuwa ameozwa mara ya pili kwenye ukoo wa shangazi wa huyo sajini. Sajini akatukana, akaenda kwa Meja, wakazungumza. Alirudi na jibu: mchoraji abaki, apake yeye. Huyu mwingine apandishwe lori.

Walimbeba kwa mikono na miguu wakamtupa juu ya turubai. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimesimama huru, mita tano kutoka kwake, na sikufungua mdomo wangu. Aliniangalia kwa jicho lile la kovu. “Matete, ssebo,” akasema. Lori likateremka, likashika njia ya Port Bell, kwenye gereza na ziwa. Miaka ile, mtu aliyepita njia hiyo amelazwa ndani ya lori hakurudi, na Ssalongo hakurudi.

Nikapaka. Ndiyo, mimi. Siku tatu, mikono ambayo haikuwahi kushika kitu kizito kuliko penseli. Nilibandua lipu iliyopasuka, nikatoa nywele, nikatoa yale meno manne nikayafunga kwenye leso. Nilitapika kwenye ndoo ya udongo nikaendelea na ndoo hiyo hiyo. Askari wa zamu alikaa kivulini akivuta sigara. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kugonga nyundo kutwa, hakuna aliyeshangaa nilipofika tundu la tisa na kugonga zaidi. Niliichimbua saruji yote kwa patasi ya Ssalongo, mpaka nikaona majani ya migomba upande wa pili. Nilikata waya. Nikachukua udongo wa bondeni, nikauonja kama nilivyomwona akifanya, nikauchanganya na nyasi, nikaziba. Juu yake nikapitisha lipu nyembamba kama chapati. Nikabandika kiganja changu, nikakandamiza sana, ili mtu akipapasa gizani akikute.

Sajini alikuja kukagua. Akazunguka, akasimama mbele ya kile kiganja. Niliona shingo yangu ikikatwa.

“Hii nini?”

“Alama ya fundi, afande. Ndiyo desturi yao.”

Akaweka mkono wake juu ya alama, akauacha hapo muda. Angeusukuma ungeingia. “Mkono yako kidogo,” akasema, akatoka.

Nilikwenda kwa Nnalongo. Nilisimama uani nikamweleza habari za lori, nikamweleza habari za matete. Hakulia mbele yangu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akayatoa matete shimoni, moja moja, akayapanga juani, nami nimesimama. Kwa Waganda mgeni akifika anapewa pa kukaa hata kama ni mtoza kodi. Mimi hakunipa. Alikuwa ameona kovu la nyusi miezi minane kabla, na alijua lilitoka wapi. Nilirudi kila mwezi kwa miaka, na kila mwezi nilisimama uani kama mti.

Utawala ule ulipoanguka na Meja kukimbia, nilipanda kilimani siku ile ile nilipoweza. Watu walikuwa wameshapita. Bafu limeng’olewa, milango imebebwa, paa limeungua nusu, na kutani kuna matundu ya risasi. Stoo ilikuwa imesimama kama nilivyoichora. Niliingia na mshumaa, nikahesabu kutoka pembeni.

Kiganja changu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kiraka cha matofali ya saruji, kipana kiasi cha mabega ya mtu, kimezibwa na mtu asiyejua kazi, saruji imechuruzika mpaka sakafuni kama uji. Nikatoka mbio, nikazunguka nyuma. Chini ya migomba, majani yameota juu yake, yalikuwepo matofali mabichi ya Ssalongo, yamesukumwa kutoka ndani. Nilikaa kwenye majani nikacheka na kulia kwa pamoja kama mwehu. Hakuna askari anayehangaika kuziba tundu ambalo hakuna mtu aliyepita.

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwa Nnalongo, suruali ina udongo. Nikasimama pale pale pangu uani, nikamweleza yote tangu mwanzo, rula, saruji, tundu la tisa, kiganja, kiraka. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

“Aliyetoka,” akasema nilipomaliza, “si mume wangu.”

“Si yeye, nnyabo,” nikamjibu kwa heshima.

Akamenya ndizi mbili zaidi.

“Basi ni mume wa mwenzangu,” akasema. Akafuta mikono, akaingia ndani, akaniletea kiti.